Kuvu Ukutani: Tafuta Maji Kabla ya Kununua Rangi

Kila masika, maduka ya rangi ya Kisumu na Kakamega huuza debe juu ya debe kwa watu wanaotaka kuficha madoa meusi ukutani. Baada ya miezi miwili mitatu doa linarudi palepale, rangi imefura, ukiigusa inabanduka. Mimi ni fundi wa rangi na rangi ndiyo riziki yangu, lakini nasema wazi: usinunue rangi kabla hujajua maji yanatoka wapi.

Kuvu hutaka vitu vichache ili iote. Hutaka mbegu zake, ambazo ni ndogo mno kuonekana na ziko hewani kila mahali, ndani na nje. Hutaka chakula, na chakula chake ni vumbi, mbao, karatasi, gundi, hata uchafu wa mikono uliobaki ukutani. Hutaka joto la kawaida, lile lile tunalolipenda sisi. Na hutaka maji. Mbegu huwezi kuzimaliza, chakula huwezi kukiondoa chote, joto la Kisumu huwezi kulipunguza. Kilichobaki mikononi mwako ni maji. Kitu kikilowa na kukaa hivyo saa 24 hadi 48, kuvu huweza kuanza kuota. Kwa hiyo hatua zote zilizo hapa chini zinaanzia kwenye maji, na sabuni inakuja baadaye.

Upande huu wetu wa Kenya una maji ya kutosha. Kakamega hupata mvua inayokaribia milimita 2,000 kwa mwaka, na Kisii nako hakuko mbali na hapo. Kisumu hupata kiasi kidogo zaidi, lakini hewa ya ziwani na joto vinasaidiana. Nakuru mvua si nyingi hivyo, ila usiku ni baridi, na ukuta baridi hukusanya umande ndani ya nyumba. Kila mji una njia yake ya kulowesha ukuta, ndiyo maana dawa iliyomfaa shemeji yako wa Nakuru huenda isikufae wewe wa Nyalenda, hapa Kisumu.

Nani asiikaribie kazi hii

Kuvu huwasha macho, huleta mafua yasiyoisha na kikohozi, na huamsha pumu. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kuhusu unyevu na kuvu majumbani, likaeleza kwamba wanaoishi kwenye nyumba zenye unyevu hupata matatizo ya kupumua na pumu zaidi ya wengine. Mtoto mchanga, mwenye pumu, na mtu ambaye kinga ya mwili wake imeshuka wasiwe chumbani siku ya kusafisha, na wasirudi hadi chumba kikauke. Namwongeza hapa mtu aliyewahi kuugua kifua kikuu, hata kama alipona miaka mingi iliyopita. Kifua kikuu huweza kuacha matundu kwenye mapafu, na kuvu iitwayo Aspergillus huweza kufanya makao humo. Kwetu wagonjwa wa zamani wa kifua kikuu si wachache, na mara nyingi ndio tunaowapa chumba cha nyuma chenye unyevu kwa sababu kimetulia. Wape chumba kikavu.

Kuhusu rangi ya kuvu yenyewe, usihangaike. Nyeusi, kijani, nyeupe au ya waridi, zote zinasafishwa kwa njia ile ile. Huna haja ya kupeleka kipande cha plasta maabara.

Ikiwa eneo lililoota kuvu halizidi mita moja mraba hivi, unaweza kulisafisha mwenyewe. Likizidi hapo, au silingi nzima imeshikwa, au maji yaliyolowesha yalikuwa ya choo, tafuta watu wenye vifaa.

Hatua ya kwanza: usome ukuta

Simama mlangoni na uangalie doa liko wapi kabla ya kuligusa. Likiwa limeanzia juu na kushuka, shuku paa. Likiwa limeanzia sakafuni na kupanda, shuku msingi. Likiwa katikati ya ukuta peke yake, hasa ukuta unaopakana na bafu au jikoni, shuku bomba au ufa. Na likiwa kwenye kona, nyuma ya kabati, kandokando ya dirisha, au nyuma ya kitanda kilichosukumwa hadi ukutani, shuku hewa ya chumba chenyewe.

Mara nyingi utabaki na mashaka kati ya msingi na hewa. Hapo kuna jaribio rahisi linalohitaji kipande cha plastiki angavu na selotepu pana. Chagua sehemu karibu na doa, ipanguse kwa kitambaa kikavu, ubandike plastiki ya ukubwa wa futi moja kwa futi moja, na uzibe pande zote nne hewa isipenye. Iache siku moja au mbili. Ukikuta matone upande wa nje wa plastiki, unaotazama chumba, maji yanatoka kwenye hewa ya ndani. Ukikuta matone upande wa ndani, yaliyofungiwa kati ya plastiki na ukuta, maji yanatoka ukutani. Piga picha. Picha hiyo itakufaa tukifika kwenye habari za mwenye nyumba.

Maji yanayopanda kutoka chini. Ukuta usio na kizuizi hunyonya maji ya ardhini kama utambi wa taa unavyonyonya mafuta. Dalili yake ni mstari unaokwenda sambamba na sakafu, kwa kawaida hauzidi mita moja kwenda juu, na juu ya plasta kuna chumvi nyeupe inayoporomoka ukiigusa. Kati ya msingi na ukuta panapaswa kuwa na ile karatasi nyeusi ya lami ambayo mafundi huiita DPC. Nenda nje ukaangalie. Mara nyingi karatasi ipo na ni nzima, lakini mtu amerundika udongo juu yake: bustani ya maua, mchanga uliobaki wa mjengo, au uwanja umepanda mwaka baada ya mwaka kwa kuletewa mchanga. Ardhi ya nje iwe chini ya karatasi hiyo kwa angalau sentimita 15. Ikiwa imepanda, chukua jembe leo hii. Kuna nyumba zilizopona kwa jembe tu, bila mfuko hata mmoja wa simiti.

Wanaoishi Nyamasaria, Nyalenda na kuelekea Kano wana tatizo la ziada, ule udongo mweusi unaonata. Ukilowa hufura na kushikilia maji wiki nyingi. Kiangazi hukauka na kupasuka, na nyufa zake huvuta ukuta hadi nao upasuke. Masika yanayofuata mvua inaingilia kwenye ufa. Hapo usizibe ufa kwa plasta tu. Kwanza uyapeleke maji mbali: mfereji unaoteremka kutoka nyumbani, na sakafu ya simiti ya kuzunguka nyumba, upana wa kama mita moja, iliyoinamia nje. Kando kabisa ya ziwa, kama Dunga, mambo ni magumu zaidi. Mei 2020 Ziwa Victoria lilipanda kuliko ilivyowahi kurekodiwa hadi wakati huo na maji yakaingia kwenye makazi ya watu. Ardhi ya huko maji yake yako karibu, kwa hiyo anayejenga upya ainue msingi. Kuhangaika na rangi ni kupoteza pesa.

Kama DPC haikuwekwa kabisa, tiba ya kweli ni ghali: fundi mzoefu hukata ukuta kipande kifupi kwa kipande kifupi na kuingiza kizuizi, au hudunga dawa ya kuzuia maji ndani ya matundu yaliyotobolewa kwa mstari. Usimruhusu mtu anayejifunza ajifunzie kwenye nyumba yako. Plasta ya zamani itolewe hadi sentimita 30 juu ya mstari wa maji, kwa sababu chumvi iliyobaki ndani yake itaendelea kuvuta unyevu wa hewani hata baada ya msingi kupona.

Maji yanayotoka juu. Subiri mvua inyeshe, kisha upande kwenye silingi na tochi. Angalia misumari. Bati hugongwa msumari kwenye mgongo wake. Fundi mvivu hugonga bondeni, mahali maji yanapopita, na kila msumari hapo ni tundu. Angalia pia raba za misumari, maana jua huzikausha zikapasuka. Kisha gata. Gata iliyojaa majani ya mwembe au mparachichi hurudisha maji nyuma, yanalowesha ubao wa mbele wa paa na kushukia ndani ya ukuta. Kutoka ndani utaapa kwamba paa linavuja, kumbe bati ni zima. Kisumu mvua kubwa huja alasiri na upepo mkali, kwa hiyo ukuta unaopigwa na mvua hiyo utalowa kuliko wenzake, na ufa mdogo unaotosha kuingiza ukucha unatosha pia kuingiza maji.

Neno moja la tahadhari: nyumba za zamani, zikiwemo baadhi ya zile za wafanyakazi, zina paa la asbesto. Usilisugue, usilitoboe, usilivunje. Vumbi lake huleta saratani ya mapafu. Hiyo ni kazi ya wenye ruhusa na vifaa.

Bomba. Funga mifereji yote usiku, pamoja na maji yanayoingia kwenye tangi la juu, na uandike namba za mita. Asubuhi, kabla mtu hajatumia maji, zisome tena. Zikiwa zimesogea, kuna mahali panavuja.

Hewa ya ndani. Hapa ndipo nyumba nyingi za kupanga zinapougulia, na ndipo watu wanapobisha sana, kwa sababu hakuna maji wanayoyaona. Hesabu nami. Gesi ya kupikia ikiungua hutoa mvuke wa maji: kilo moja ya gesi hutoa takriban kilo moja na nusu ya maji, au zaidi kidogo. Mtungi wa kilo 6 ukiisha, umemwaga karibu lita 10 za maji kwenye hewa ya nyumba yako, hata kabla ya kuhesabu mvuke wa sufuria ya githeri iliyochemka saa tatu. Kila mtu anayelala chumbani hutoa kama robo lita ya maji usiku kucha kwa kupumua na kutoka jasho. Weka watu watano katika chumba kimoja cha Manyatta au Obunga, nguo za shule zimeanikwa kwenye kamba ndani kwa sababu nje zitaibiwa au zitanyeshewa, dirisha limefungwa. Maji hayo lazima yatue mahali, na yanatua kwenye ukuta ulio baridi zaidi.

Wenye nyumba za mabati zisizo na silingi kule Kakamega, Kericho na Nakuru wanajua bati linavyodondosha maji alfajiri bila mvua. Ni pumzi yao wenyewe imegeuka maji. Silingi husaidia, na matundu ya hewa husaidia zaidi.

Sasa kuhusu matundu hayo. Karibu kila nyumba hujengwa na matundu juu ya dirisha, na karibu kila nyumba ya huku imeyaziba kwa magazeti, matambara au makaratasi ya unga. Sababu yake ni mbu, na ni sababu ya maana. Eneo la ziwa lina malaria, hakuna mama atakayefungulia mbu kwa ajili ya ukuta. Toa matambara uweke wavu wa mbu, ule wa dirishani unaouzwa kwa mita kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Ukate, uubandike kwa vijiti na misumari midogo. Hewa itapita, mbu hatapita. Ningekuwa na uwezo wa kuamuru jambo moja tu kwenye nyumba zote za kupanga kutoka Kondele hadi Busia, ningeamuru hilo.

Madirisha nayo yana saa zake. Yafungue asubuhi umande ukishakauka, tuseme kuanzia saa nne, uyaache hadi mawingu ya alasiri yaanze kukusanyika. Huo ndio wakati hewa ya nje ni kavu zaidi. Fungua pande mbili zinazoelekeana. Dirisha moja peke yake haliwezi kusukuma hewa. Ukipika, fungua dirisha la jikoni na ufunge mlango wa chumba cha kulala.

Nyumba za udongo zilizopigwa plasta ya simiti

Nazitenga hizi kwa sababu ni nyingi sana vijijini, Vihiga, Siaya, Bungoma, na ushauri unaotolewa mijini huziharibu. Ukuta wa udongo hupumua. Ulikuwa ukikandikwa kwa udongo na samadi, maji yaliyoingia wakati wa mvua yalikuwa yakitoka wakati wa jua. Ukiupiga plasta ya simiti pande zote mbili, maji yataingilia chini au kwenye ufa, yatakosa pa kutokea, na udongo ulio ndani utaoza polepole huku nje plasta iking'aa. Dalili ni plasta inayolia kikavu ukiigonga kwa vifundo vya vidole, maana imeachana na udongo.

Usiongeze plasta juu ya hiyo. Itoe iliyoachana, acha ukuta ukauke kiangazi kizima kama inawezekana, kisha ukandike kwa udongo uliochanganywa na chokaa au kwa udongo na samadi kama zamani, na umalize kwa chokaa nyeupe. Chini, inua msingi wa mawe au matofali ya kuchoma hadi futi moja na nusu juu ya ardhi, na urefushe paa litokeze nje ya ukuta ili mvua isipige udongo. Wazee walirefusha paa kwa sababu hiyo hiyo.

Hatua ya pili: ziba chanzo, halafu ungoje

Tengeneza ulichokigundua kabla ya kusafisha. Ukisafisha kwanza utasafisha tena. Isipokuwa nyumbani kuna mtu mwenye pumu na doa liko karibu na kitanda chake: hapo safisha leo, mhamishe kitanda, na ujue kwamba utarudia kazi baada ya kutengeneza.

Hatua ya tatu: safisha

Utahitaji glavu za mpira, miwani ya kufunika macho, barakoa ya N95 (kitambaa hakizuii mbegu za kuvu), ndoo mbili, sabuni ya unga, brashi ya plastiki, matambara ya kutupa, na mifuko ya taka. Vaa shati la mikono mirefu utakalolifua mara ukimaliza.

Ondoa vitu chumbani. Funga mlango wa ndani na uzibe sehemu ya chini kwa tambara lenye maji, kisha ufungue dirisha linaloelekea nje. Zima feni, itasambaza mbegu nyumba nzima.

Usiguse kuvu ikiwa kavu. Hili ndilo kosa ninaloliona kila mahali: mtu anachukua brashi ya waya au msasa na kuanza kukwangua, vumbi jeusi linajaa chumba, na wiki mbili baadaye kuvu imeota kwenye ukuta wa pili. Lowesha kwanza. Nyunyiza maji ya sabuni kwa chupa ya kupulizia, taratibu, hadi doa lote lilowe.

Sugua kwa brashi na maji ya sabuni, ukianzia pembezoni kuelekea katikati ili usilitanue. Pangusa kwa tambara, lisuuze kwenye ndoo ya pili, na ubadilishe maji yakichafuka. Kwa ukuta wenye rangi laini, vigae, vioo na plastiki, sabuni na kusugua vinafanya kazi kubwa kuliko watu wanavyodhani.

Ukitaka kutumia Jik au dawa nyingine ya klorini ya kung'arishia nguo, itumie baada ya sabuni kusuuzwa, kwenye sehemu ngumu tu. Changanya kikombe kimoja cha robo lita kwa lita 4 za maji, pakaa, acha dakika kumi na tano hivi, suuza. Kuzidisha dawa hakusaidii, kunaunguza mapafu yako. Na usiichanganye kamwe na siki, na dawa ya kusafishia choo yenye asidi, wala na dawa yenye amonia. Mchanganyiko huo hutoa gesi ya sumu, na bafu dogo lisilo na dirisha halikupi muda wa kukimbia. Asiye na Jik anaweza kutumia siki nyeupe isiyotiwa maji, akaiacha saa moja kabla ya kupangusa. Moja au nyingine, si zote mbili.

Kwenye tofali lisilopigwa plasta na kwenye mbao, klorini hufa juu juu huku maji yake yakizama ndani kulisha mizizi iliyobaki. Huko tumia sabuni na brashi ngumu, ubao uusugue kwa msasa ukiwa bado na unyevu kidogo, nje, barakoa usoni, kisha ukaushe vizuri.

Silingi bodi laini iliyoota kuvu itolewe. Haisafishiki. Kadhalika karatasi za ukutani na zulia lililolowa hadi chini. Vifunge kwenye mifuko ukiwa bado chumbani, usivipitishe sebuleni vikiwa wazi.

Hatua ya nne: kausha

Hapa watu hukosa subira. Kuna kanuni ya zamani ya ujenzi inayosema ukuta uliolowa kabisa hukauka inchi moja kwa mwezi. Jua letu linaweza kuwa na kasi zaidi, lakini ukuta mnene wa mawe ya machimbo ya Nakuru, ambayo yana vinyweleo vingi, hautakauka kwa wikendi moja. Rudia jaribio la plastiki. Upande wa ndani ukiwa mkavu baada ya siku mbili, ukuta uko tayari.

Feni sasa inaruhusiwa, ikiwa kuvu imeshaondolewa. Iweke ikipulizia kuelekea dirishani.

Usilete jiko la makaa ndani ili kukausha chumba. Najua hufanywa, hasa Nakuru na Kericho wakati wa baridi. Makaa hutoa gesi ya kaboni monoksidi isiyo na harufu wala rangi, na watu hulala wasiamke. Hakuna ukuta unaostahili hatari hiyo.

Hatua ya tano: rangi

Plasta mpya ikae wiki nne kabla ya kupakwa. Rangi ya zamani iliyofura ikwanguliwe yote, si pale palipofura tu. Kwa ukuta uliowahi kulowa, naomba usipake rangi ya mafuta kwenye sehemu ya chini, hata kama unaipenda kwa sababu inapanguswa kirahisi watoto wakiichafua. Rangi ya mafuta hufunga ukuta, na unyevu uliobaki utaisukuma hadi ibanduke. Rangi ya maji huruhusu unyevu kutoka. Zile zinazouzwa kuwa zina dawa ya kuvu ni nzuri kwa bafu na jikoni baada ya kukauka; kwenye ukuta unaovuja hazina kazi.

Mwenye bajeti ndogo asiidharau chokaa. Ni rahisi, hupumua, na ukali wake hauipendezi kuvu. Ipake nyembamba mara tatu, kila mara ukingoja ikauke. Vaa miwani, maana ikiingia jichoni inaunguza. Ikitokea, osha kwa maji mengi na uende hospitali.

Vitu vya ndani

Godoro lililowekwa sakafuni linyanyuliwe na kuegemezwa ukutani kila asubuhi, upande wa chini upate hewa. Likishaota kuvu hadi ndani ya sponji, litupwe, na ninajua bei ya godoro ninaposema hivyo. Kabati na kitanda viwe mbali na ukuta kwa upana wa kiganja. Viatu vya ngozi na mikanda vipanguswe na kuanikwa kivulini penye upepo. Nguo zifuliwe kwa maji ya moto na zikaushwe juani kabisa kabla ya kukunjwa.

Magunia ya mahindi yasiegemee ukuta, wala yasikae kwenye sakafu tupu. Yaweke juu ya mbao, mbali na ukuta, baada ya kukaushwa hadi unyevu wa asilimia 13.5 au chini yake. Kuvu ya mahindi ni jambo jingine zito: mwaka 2004 sumu ya aflatoksini iliua watu 125 upande wa Makueni na Kitui. Mahindi yaliyoota kuvu usiyaoshe, usiyachambue ukapika yaliyobaki, na usimpe kuku wala ng'ombe, kwa sababu sumu hupita hadi kwenye yai na maziwa.

Ukiwa mpangaji

Kabla ya kulipa amana, nenda ukaione nyumba siku iliyofuata mvua. Vuta hewa kwa pua mara tu mlango ukifunguliwa. Angalia nyuma ya milango na ndani ya kabati za ukutani. Rangi mpya kwenye kona moja tu, huku kuta nyingine ni za zamani, ina jambo inalolificha, uliza. Piga picha za kila chumba siku unayohamia, umtumie keateka kwa WhatsApp ili tarehe ibaki, kwa sababu siku ya kuhama utaambiwa rangi ni juu yako.

Kuvu ikitokea, mwenye nyumba atasema hufungui madirisha. Wakati mwingine ana haki. Jaribio la plastiki ndilo litakalowaamua: matone yakiwa upande wa chumba, anza na madirisha na wavu wa matundu; yakiwa upande wa ukuta, mwonyeshe picha na umwandikie kwa heshima, ukitaja chumba, tarehe uliyoona doa, na unachoomba kitengenezwe. Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya makazi ya kutosha na viwango vya kuridhisha vya usafi. Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, inampa afisa wa afya uwezo wa kukagua nyumba iliyo katika hali ya kudhuru afya na kumtaka mwenye nyumba airekebishe. Afisa huyo yupo katika kaunti ndogo yako. Jaribu mazungumzo kwanza. Wapangaji wa ploti moja wakienda pamoja husikilizwa upesi kuliko mmoja mmoja.

Doa likirudi

Baada ya mvua zinazofuata, pita nyumba nzima na tochi, nyuma ya kabati na chini ya madirisha. Likiwa limerudi mahali pale pale, chanzo hakikuzibwa. Rudi hatua ya kwanza na usikwangue chochote. Likiwa limetokea mahali papya lakini kwa umbo lile lile, sambamba na sakafu, msingi ndio unaoendelea kunyonya na fundi wako alitibu upande mmoja. Na likitokea kwenye kona za juu za vyumba vinavyolaliwa tu, huku sebule ikiwa safi, toa yale magazeti kwenye matundu.